Hijabu ya Kuazima: Somo Kutokana na Filamu "Watu Wote"



Safari hii hatutafundisha juu ya mbolea wala ufugaji wa kuku. Tutafundisha juu ya kitu ambacho kikiharibika kikundini, hata mbolea haitawasaidia: kuaminiana kati ya watu wa dini na makabila tofauti. Tumechagua filamu fupi ya dakika 22 iitwayo "Watu Wote". Kama mna njia ya kuitazama, itazameni pamoja kwanza. Kama hamna, msiwe na wasiwasi. Mtu mmoja anayejua kusoma vizuri awasomee wengine somo hili polepole, na kila mtu ataelewa.

Lengo la somo

Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze:

1. Kueleza yaliyotokea kweli katika basi la Mandera mwaka 2015.
2. Kutenganisha yaliyotokea na yaliyotungwa.
3. Kutaja jambo moja atakalofanya yeye mwenyewe.

Sehemu ya kwanza: Yaliyotokea kweli

Mandera ni mji ulio pembe ya kaskazini mashariki ya Kenya, pale nchi yetu inapopakana na Somalia na Ethiopia. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni jangwa.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na magaidi wa al-Shabaab. Ndani walikuwamo walimu wengi waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo ya Krismasi. Abiria walitengwa kwa dini. Wale ambao hawakuwa Waislamu waliuawa, watu 28. Siku kumi baadaye, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe karibu na Mandera waliuawa kwa njia hiyo hiyo. Halafu tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi.

Basi, mjue kwamba abiria waliopanda basi la kwenda Mandera mwezi Desemba 2015 walikuwa wameshasikia hayo yote. Hakuna aliyekuwa mgeni wa habari.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi hilo lilishambuliwa karibu na El Wak. Magaidi walitaka Waislamu wakae upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu zao wajifunike, wasitambulike. Abiria wakawaambia wenye bunduki kwamba kama ni kuua, wawaue wote pamoja, la sivyo wawaache. Watu wawili walipoteza maisha siku hiyo, lakini magaidi waliondoka bila kufanya yale waliyofanya mwaka uliotangulia.

Kati ya waliopigwa risasi alikuwamo mwalimu Salah Farah, Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu. Akiwa kitandani hospitalini aliwahimiza watu waishi pamoja kwa amani. Alifariki Nairobi mwezi Januari 2016, na mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani ya taifa.

Sehemu ya pili: Yaliyotungwa

Filamu "Watu Wote" ilitoka mwaka 2017. Ilitengenezwa hapa Kenya na wanafunzi wa chuo kimoja cha Hamburg, Ujerumani, ikiwa ni kazi yao ya kumalizia masomo. Aliyeiongoza ni Katja Benrath, na ndani yake wamo waigizaji wa Kenya. Watu wanasema Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 filamu hiyo iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar kule Marekani, ingawa haikuipata.

Katika hadithi yao yumo mama kijana aitwaye Jua, Mkristo. Mumewe na mtoto wake waliuawa na magaidi. Sasa anapanda basi kwenda kumwona jamaa yake, na wengi waliomzunguka ni Waislamu. Hana raha. Mwalimu anayeitwa Salah anajaribu kuzungumza naye kwa upole, lakini moyo wake ni mgumu. Halafu basi linasimamishwa. Yule Jua, ambaye hakutaka hata kuketi karibu na Waislamu, anafichwa na Waislamu hao hao. Salah anasimama na kuwahoji wenye bunduki, naye anapigwa risasi.

Sasa hebu sikilizeni vizuri. Basi ni la kweli. Hijabu ni za kweli. Mwalimu Salah Farah aliishi kweli. Lakini Jua ametungwa, na maneno mnayowasikia wakisemezana njiani yameandikwa na mwandishi. Ndiyo maana filamu ya namna hii tusiishike kama ushahidi wa kila neno. Mtu akikuonyesha picha kwenye simu na kusema, "Ona, ndivyo walivyo hawa," muulize kwanza: hii ilitokea, au imeigizwa?

Je, kutunga ni kudanganya? Hapana. Mwongo hutaka usijue kwamba ametunga. Msimulizi hutunga mbele ya macho yako ili uone kitu ambacho gazeti halikukionyesha. Gazeti lilituambia watu waliokolewa. Filamu inauliza: na kama aliyeokolewa alikuwa akiwachukia waliomwokoa, je?

Tulipoionyesha filamu hii kwa vikundi vyetu, mama mmoja aliuliza Jua anaishi wapi siku hizi. Tukamweleza kwamba ni mtu wa hadithi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwamba baada ya Garissa, yeye pia alikuwa akihama kiti kwenye matatu akiketi karibu na mwanamke aliyevaa buibui. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Sehemu ya tatu: Tunajifunza nini?

*Jambo la kwanza: Mgeni hawezi kutugawa peke yake.* Magaidi walikuwa na bunduki, lakini hawakujua nani ni nani. Walihitaji abiria wawaonyeshe. Kazi ya kuwatenga watu ilikuwa isukumwe mikononi mwa abiria wenyewe, na abiria wakakataa kuifanya. Haya yanahusu kila kijiji. Anayetaka kuwagawa, awe gaidi, mwanasiasa au mchochezi wa sokoni, lazima ampate mwenyeji wa kunyosha kidole.

*Jambo la pili: Walitoa walichokuwa nacho.* Hakuna aliyekuwa na bunduki ya kujibu. Walikuwa na vitambaa vya kichwani. Hijabu kwa mwenyewe ni kitu cha heshima, si kitambaa tu, na ilipita kutoka mkono hadi mkono bila mkutano wala kamati.

*Jambo la tatu: Hofu ina gharama.* Baada ya mauaji ya mwaka 2014, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya waliogopa kurudi Mandera. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini walioumia zaidi ni watoto wa Kiislamu wa Mandera, ambao hawakuua mtu. Gaidi huwaumiza hata wale anaodai kuwapigania.

Tena tahadhari mbili. Hatusemi mtu asimame mbele ya bunduki. Habari za hatari zipelekwe kwa chifu au polisi mapema. Pia, tusisimulie habari hii kwa mshangao, ati "kumbe hata Waislamu ni watu wema!" Tukishangaa hivyo, tujiulize tulikuwa tunawafikiriaje jirani zetu siku zote.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Tusiwafundishe wengine tukijificha. Katika kikundi chetu kimoja, mweka hazina alikuwa fundi wa baiskeli, Mwislamu. Kwa miaka minne hesabu zake hazikuwahi kupotea hata shilingi. Mwaka 2015, baada ya Garissa, hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtukana. Tulihamisha tu mkutano kutoka Jumanne hadi Ijumaa saa saba mchana. Sote tulijua saa hiyo yuko msikitini.

Alikuja mara moja, akaweka daftari na funguo za sanduku mezani, akaaga kwa heshima. Tulihesabu pesa baada ya yeye kuondoka. Zilikuwa sawasawa.

Kunyosha kidole kwetu kulikuwa huko: kubadilisha siku ya mkutano. Tulipoitazama filamu miaka mitatu baadaye, hakuna aliyeweza kuzungumza kabla ya kulitaja jambo hilo. Watatu wetu tukaenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Alitupa chai. Alisema ametusamehe, ila kazi ya hazina tumtafute mtu mwingine. Mkutano tulirudisha Jumanne. Yeye hajarudi mpaka leo, lakini mke wake alijiunga mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata tena alipata mkopo wake wa kwanza wa cherehani.

Hatuelezi haya ili tusifiwe. Tulichelewa miaka mitatu.

Maswali ya kujadili

(Kiongozi: gaweni watu vikundi vidogo vya wanne au watano. Kila mtu apate nafasi, na wanyamavu waulizwe kwanza.)

1. Magaidi walihitaji nini kutoka kwa abiria? Kwa nini hawakukipata?
2. Jua alikuwa na sababu ya kuogopa. Je, sababu yake ilitosha kumchukia kila mtu aliyekuwa ndani ya basi?
3. Siku, saa na mahali pa mkutano wetu panamzuia nani asije?
4. Chakula chetu cha sherehe kinamfaa kila mwanachama?
5. Ni nani aliyeacha kuja bila kufukuzwa? Tulijua sababu, au hatukuuliza?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Chukueni daftari la wanachama la miaka mitano iliyopita. Wekeni alama kwa kila jina la mtu aliyetoweka. Chagueni watu wawili wamtembelee mmoja wao, si kwa kumvuta arudi, bali kumsikiliza. Wakirudi waeleze waliyoambiwa, hata kama ni machungu, nanyi msibishane nao siku hiyo.

Kisha tuandikieni mtuambie mlivyofanya. Barua zenu ndizo zinazotusaidia kutayarisha masomo mengine. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye kuku.