Jibu la "Hapana" Kutoka Maabara



Mzee mmoja wa kanisa alitujia baada ya ibada akatuuliza neno ambalo tangu siku ile tumeulizwa na wengine wengi. Alisema, "Mchungaji, katikati ya Januari 2025 tuliambiwa ya kwamba damu za watu waliodhaniwa kuwa na Marburg zimepimwa, wala virusi havikuonekana. Tarehe 20 ya mwezi uo huo Rais akatangaza ya kwamba Marburg ipo wilayani Biharamulo. Je, vyombo vilisema uongo siku ile ya kwanza, au siku ya pili?"

Hatukuweza kumjibu pale mlangoni. Basi tulimwendea msharika wetu mmoja afanyaye kazi ya maabara, naye akatufundisha jioni mbili, na mengine tukayatafuta katika vitabu. Swali hili si la udadisi tu. Katika vijiji vyetu, mgonjwa akirudi na jibu la "hapana," wako wasemao, "Basi huu ni ugonjwa wa kutumwa," wakaanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Wako na wengine ambao hufurahi mno, wakaingia wote chumbani kumwogesha na kumlisha bila kujikinga. Njia hizi mbili zote zaweza kuleta kifo.

Imetupasa kuanza na virusi vyenyewe. Mwaka 1892 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, alichukua maji ya majani ya tumbako yenye ugonjwa wa mabaka, akayachuja kwa chujio la kauri lenye vitundu vidogo hata bakteria hawawezi kupita. Maji yale yaliyochujwa yalipotiwa katika mmea mzima, mmea ule uliugua. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alirudia kazi ile, akasema wazi ya kwamba hapa pana kitu kingine kisicho bakteria, nacho huongezeka ndani ya mmea ulio hai tu. Kilikuwa kama mwizi ajulikanaye kwa nyayo zake. Umbo lake halikuonekana mpaka zilipotengenezwa hadubini za elektroni katika miaka ya 1930.

Udogo wake ni wa ajabu. Kirusi cha Marburg kina umbo la uzi, na vikipangwa ubavu kwa ubavu yapata elfu moja, ndipo vitakapokaribia unene wa unywele mmoja wa kichwa. Kwa hiyo hadubini ya zahanati, ambayo kwayo mpimaji huwaona vijidudu vya malaria katika tone la damu, haiwezi kukionyesha hata kidogo. Mpimaji asemaye, "Sioni malaria," amesema kweli, lakini hakusema, "Huna ugonjwa." Tena yawezekana mtu mmoja awe na malaria na Marburg pamoja, na jibu la "ndiyo" la malaria likawapumbaza wote.

Kirusi hakili, hakipumui, wala hakina kiwanda cha kujitengenezea kitu. Twaweza kukifananisha na barua yenye amri, iliyotiwa katika bahasha. Bahasha hushikamana na chembe hai ya mwili, barua huingia, na watumishi wote wa chembe ile huacha kazi ya mwenye nyumba, wakanakili barua ile ile mara nyingi sana na kuitengenezea bahasha mpya. Kisha nakala hizo hutoka kwenda kwa chembe nyingine.

Basi, maabara hutafuta nini? Zamani walikuwa hawana budi kukiotesha kirusi chenyewe. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na mji wa Belgrade, waliugua baada ya kushika viungo vya tumbili waliotoka Uganda. Watu 31 waliambukizwa, wakiwamo waliowauguza wenzao, na 7 wakafa. Wataalamu walitia damu ya wagonjwa katika wanyama wadogo wa maabara, wakangoja, wakapima tena, na baada ya miezi mitatu hivi walikitambua kirusi. Ndiyo sababu ugonjwa ukaitwa kwa jina la mji ule, ingawa makao yake ni popo walao matunda wakaao mapangoni katika nchi zetu za Afrika.

Siku hizi hawangoji miezi. Wao hutafuta maneno ya ile barua. Njia hiyo huitwa PCR, nayo ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983. Kwanza damu hutiwa dawa ambayo huvunja bahasha na kukiua kirusi, lakini maneno yakabaki. Barua ya Marburg imeandikwa kwa namna iitwayo RNA, basi hugeuzwa kwanza iwe DNA kwa kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1970. Kisha huingizwa vipande vifupi vilivyotengenezwa ili vishikamane na fungu moja tu la maneno, ambalo wataalamu wanajua ya kuwa limo katika barua ya Marburg. Mashine hupasha moto mpaka nyuzijoto 95 hivi, nyuzi za DNA zikaachana. Hupoza, vipande vikashikamana. Na kimeng'enya kingine hulinakili fungu lile. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Msomaji na ahesabu mwenyewe: baada ya mizunguko 30, nakala moja imezidi 1,000,000,000. Nazo zikiwa nyingi hivyo, mashine huona mwanga unaong'aa katika kichupa.

Msharika wetu alitueleza jambo jingine lililotupendeza sana. Kando ya vichupa vya wagonjwa huwekwa kichupa chenye maneno ya kirusi kwa makusudi, na kingine chenye maji safi matupu. Kile cha kwanza kisipong'aa, au maji yale yaking'aa, majibu yote ya siku ile hutupwa na kazi huanza upya. Hivyo ukawiaji si uvivu sikuzote.

Sasa twaweza kumjibu mzee wetu. Kwanza, mashine hujibu lile iliyoulizwa tu. Ikiulizwa maneno ya Marburg, na mgonjwa ana Ebola, itajibu "hapana," kwa kuwa barua hizo mbili ni mbalimbali. Pili, hujibu kwa habari ya damu ile, ya mtu yule, siku ile. Mtu aliyeambukizwa Marburg huanza kuugua baada ya siku 2 hata 21. Na katika siku tatu za kwanza za homa virusi vyaweza kuwa vichache mno katika damu. Kwa hiyo damu iliyotolewa mapema ikijibu "hapana," yapasa itolewe nyingine saa 72 baada ya homa kuanza. Tatu, "hapana" ya Juma si "hapana" ya Yohana, hata kama wamelala chumba kimoja.

Hatusemi ya kwamba majibu yale ya kwanza ya Januari yalikuwa makosa. Watu waliopimwa walikuwa wengi, na siku zilikuwa mbalimbali. Tarehe 20 mmoja alionekana na kirusi. Alipimwa katika maabara ya kuhamishika ya Kabaile mkoani Kagera, na jibu likathibitishwa Dar es Salaam. Wengine waliodhaniwa hawakuonekana nacho. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliohesabiwa kwa dalili na kwa habari za kukutana na wagonjwa. Wote kumi walikufa, na wanane walikuwa wamekwisha kufa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Hapo ndipo moyo wetu huumia. Wanane hao waliuguzwa na kuzikwa na watu ambao hawakuwa na jibu lo lote mkononi, wala la "ndiyo" wala la "hapana."

Mwaka 2023, katika Wilaya ya Bukoba, waliougua walikuwa 9 na waliokufa 6, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya. Kirusi hiki hupita kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, hata ya maiti. Kwa hiyo mgonjwa aliyedhaniwa hutengwa tangu saa ya kudhaniwa, kabla ya jibu. Na akifa, mwili huzikwa na wale waliofundishwa kazi hiyo, si na mama zake wadogo na shangazi zake kwa mikono mitupu. Sisi wachungaji nasi tumejifunza kuomba tukiwa tumesimama mbali, ijapokuwa mwanzoni ilionekana kama kumkimbia mtu wetu.

Mzee wetu aliyasikiliza hayo yote, kisha akataka tumwandikie katika karatasi maneno ya kumwuliza mganga wa zahanati siku akimpeleka mgonjwa. Tulimwandikia matatu: Mmepima ugonjwa gani? Damu ilitolewa siku ya ngapi ya homa? Itatolewa tena lini?