Haki ya Paka na Ndege Aliyefugwa

Mtu kufuga paka, au ndege tunduni apate kusikiliza sauti yake, ni halali katika madhehebu ya Imamu Shafii. Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na kidege cha kuchezea. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtania mtoto kwa kidege chake wala hakumkataza.

Lakini aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Chakula chake na maji yake ni wajibu juu ya aliyemfungia. Basi mwenye kusafiri chomboni, au kwenda shamba siku tatu, akaliacha tundu barazani pasi na mtu wa kutia mtama na maji, amepata dhambi, hata akirudi akamkuta ndege yu hai. Naye asiyetaka kumlisha, kadhi humlazimisha amlishe au amwuze. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhi.

Ama paka akinywa maji ya udhu, wako wayamwagao na kumpiga teke. Huo ni ujinga. Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha udhu hata akanywa, akasimulia kuwa Mtume amesema paka si najisi. Ila akionekana amekula panya sasa hivi, na mdomo una damu, maji yale machache yamenajisika.