Kutu ya Shina la Ngano: Kwa Nini Mbegu Imara Huacha Kuwa Imara

Katika mikutano mikuu ya vyama vya wakulima wa ngano husikika lalamiko moja kila baada ya miaka michache: mbegu iliyosifiwa kwamba haishikwi na kutu imeshikwa, na mwanachama aliyeichukua kwa mkopo amebaki na deni. Lawama humwangukia katibu aliyeagiza, au duka la pembejeo lililouza. Pengine lawama hiyo ni ya haki, maana mbegu bandia zipo. Lakini mara nyingine mbegu ni ileile, na kilichobadilika ni ugonjwa. Somo hili laeleza namna ugonjwa unavyobadilika.

Kutu ya shina huletwa na kuvu, kiumbe cha jamii ya ukungu, ambacho hujilisha kwa mmea ulio hai. Dalili zake ni vidonda virefu vyenye rangi ya matofali vinavyopasua ngozi ya shina; kidole kikipitishwa juu yake hutoka na unga mwekundu. Unga huo ndio mbegu za kuvu. Upepo huzichukua mamia ya kilomita, na penye joto na umande kidonda kipya hutoa unga wake baada ya wiki moja au mbili tu. Shamba lililokuwa likipendeza majuma machache kabla ya mavuno laweza kulala chini likiwa na punje zilizosinyaa.

Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, ilionekana kutu ikishambulia ngano yenye jeni ya kinga iitwayo Sr31. Kinga hiyo ilitoka katika rai, nafaka iliyo ndugu wa ngano, nayo ilikuwa imeingizwa katika aina nyingi za ngano duniani. Kutu hiyo ikaitwa Ug99. Ilionekana Kenya mwaka 2001, Ethiopia 2003, Yemeni na Sudani 2006, Irani 2007, na Tanzania 2009.

Wakenya walikuwa na mbegu iliyoitwa Mwamba, yenye kinga nyingine, Sr24. Mwaka 2006 uzao wa Ug99 unaoishinda Sr24 uligunduliwa nchini humo, na mwaka uliofuata Mwamba, iliyokuwa imepandwa katika takriban asilimia 30 ya eneo la ngano, ikashambuliwa vikali. Jina halikuisaidia. Ikafuata aina ya Robin, iliyotolewa mwaka 2009 na kupendwa kwa mavuno yake. Kufikia 2014 kutu ilikuwa imeipatia njia nayo.

Je, kuvu isiyo na akili hupataje njia? Jeni ya kinga yafaa ifananishwe na mlinzi wa ghala. Kuvu inapoingia katika mmea humwaga protini za kuulegeza ili ijilishe. Mlinzi ameifahamu protini moja tu miongoni mwa hizo, kama anayemtambua mwizi kwa kofia yake. Akiiona, mmea huziua seli zake pale palipovamiwa, na kuvu hufa njaa. Lakini katika mamilioni ya mbegu za kuvu, chache huzaliwa zikiwa na kosa katika maandishi ya jeni zao, na kosa likiangukia protini ileile, mwizi huingia bila kofia. Mwaka 2017 watafiti walionyesha jambo hili kwa kinga iitwayo Sr35: baadhi ya kutu zilizoishinda zilikuwa na kipande cha jenomu kilichohama mahali pake na kujipachika katikati ya jeni ya protini iliyokuwa ikitambuliwa. Katika shamba lililopandwa aina moja tu, kuvu hiyo moja iliyokosewa ndiyo inayosalia kuzaa.

Iko njia ya pili, nayo ni ya ajabu zaidi. Kila seli ya kuvu hii katika ngano ina viini viwili, kila kimoja na kromosomu 18. Kuvu mbili zikikutana juu ya mmea mmoja zaweza kuungana na kubadilishana viini vizimavizima. Mwaka 2019 uchunguzi wa jenomu ulionyesha kwamba kiini kimoja cha Ug99 karibu ni sawasawa na kiini cha kutu iliyogunduliwa Australia mwaka 1954, ambayo inadhaniwa kupelekwa huko na upepo kutoka kusini mwa Afrika. Basi Ug99 haikuzuka kutoka patupu. Ni mtoto wa kutu za zamani.

Zipo kinga za namna nyingine, ambazo hazimzuii mwizi mlangoni bali humchelewesha ndani. Mojawapo ni Sr2, iliyoingizwa katika ngano na Edgar McFadden huko Marekani katika miaka ya 1920, na bado yafaa hadi leo. Peke yake haitoshi penye kutu nyingi, na mkulima akiona vidonda vichache huidharau. Wazalishaji wa mbegu huichanganya na nyingine za aina yake.

Kwa chama cha msingi, iwe Hanang, Karatu au kwingineko, jambo la kwanza ni daftari. Katibu aandike kila mwanachama amepanda aina gani, wapi na lini. Bila daftari hilo hakuna ajuaye, kutu ikizuka, kama imeshika aina moja au zote, na mtaalamu wa kilimo hupewa hadithi badala ya habari. Agizo la mbegu ligawanywe katika aina mbili au tatu zenye kinga tofauti, hata kama moja inazaa gunia zaidi. Ngano maotea ing'olewe, kwani hulea kutu kati ya msimu na msimu. Dawa ya kupulizia husaidia ikiwahi; vidonda vikishaenea shinani ni fedha iliyotupwa.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya kujifunza: Ni aina ngapi za ngano zilizopandwa na wanachama msimu uliopita, na nani anayejua? Mwanachama akiona unga mwekundu shinani leo, habari itamfikia mtaalamu baada ya siku ngapi? Mkopo wa mbegu uliolipiwa kwa aina iliyoshindwa na kutu, je, kanuni za chama zinasemaje juu yake?