Pissaladière si binti wa piza: somo la etimolojia lenye kilo moja na nusu ya vitunguu

Kule Nice, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, kuna chakula kiitwacho pissaladière. Ni mkate bapa uliofunikwa kwa vitunguu vilivyopikwa polepole hadi vikalegea, na juu yake hupangwa anchois, wale samaki wadogo wa chumvi, pamoja na zeituni nyeusi. Hakina nyanya, hakina jibini. Ukikitoa motoni mbele ya watu, wa kwanza kukiona atasema ni piza. Akisikia na jina lenyewe atazidi kuamini: pissa, pizza, si neno moja hilo?

Si neno moja. Katika makala haya nataka kuonyesha kwa nini, halafu niwape namna ya kukipika kwa vitu vinavyopatikana hapa Bukavu. Kwetu sisi tunaosoma lugha za Kiafrika jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kusikia pizza ndani ya pissaladière ni mtego ule ule unaotungoja katika kazi za kumaliza leseni. Maneno mawili yanafanana masikioni, mtu anaandika kwamba hili limezaliwa na lile, kazi inapitishwa na kuwekwa maktabani, na mwaka unaofuata mwingine anainakili kama ushahidi. Baada ya miaka kumi hakuna anayejua tena nani alisema nini, lakini kila mtu "anajua" neno lilikotoka.

Tuanze na umbo. Nice ina lugha yake ya zamani, tawi la Kioksitani, ambayo si Kifaransa cha Paris wala si Kiitaliano, ingawa mji huo ulikuwa chini ya ufalme wa Sardinia hadi mwaka 1860. Katika lugha hiyo samaki ni peis, na kitu kilichotiwa chumvi ni salat. Peis salat ni samaki wa chumvi. Maneno hayo mawili yakishikana yanatoa pissalat, jina la rojo la samaki wadogo, sardini na anchois wachanga, waliokaa katika chumvi na viungo hadi wakavurugika. Chakula kinachobeba rojo hilo kiliitwa pissaladiera, na Kifaransa kikakivalisha mwisho wake chenyewe: pissaladière. Kiambishi hicho mnakijua. Théière hubeba chai, salière hubeba chumvi.

Sasa tazameni ile d. Kama jina lingetoka kwa pizza, herufi hiyo tungeieleza vipi? Hakuna njia. Lakini ukianzia kwa salat inajieleza yenyewe. Kilatini kilikuwa na salatus kwa jinsi ya kiume na salata kwa jinsi ya kike. Katika Kioksitani, t iliyobaki mwishoni mwa neno ilidumu, ikatoa salat. T iliyokuwa kati ya irabu mbili ililainika ikawa d, ikatoa salada. Basi pissalat ikipata kiambishi kinachoanza na irabu, konsonanti ile inajikuta kati ya irabu mbili na inasikika kama d: pissalad-iera. Ni ukoo mmoja na tunaouona katika pika na mpishi: mzizi ni ule ule, ila konsonanti inabadilika kulingana na jirani yake.

Kwa Kifaransa cha kaskazini hali ni nyingine kabisa: t hiyo ilipotea, ikabaki salé. Kiitaliano kiliihifadhi: salato. Unaweza kujua neno lilipita njia gani kwa kutazama tu kilichoipata konsonanti moja. Na kwa wale wanaodhani haya ni mambo ya mbali, neno salade tunalolitumia kila siku mezani liliingia katika Kifaransa kutoka kusini, Provence au kaskazini mwa Italia, likiwa bado na d yake. Maana yake ya kwanza ni kitu kilichotiwa chumvi. Kifaransa chenyewe hakingeweza kulizaa kwa sura hiyo.

Pizza nalo lina historia yake peke yake. Linaonekana tayari katika hati ya Kilatini ya mwaka 997 kutoka Gaeta, kati ya Roma na Napoli. Asili yake bado inabishaniwa: wengine wanaliunganisha na pitta ya Kigiriki, wengine na neno la Kijerumani cha kale lenye maana ya tonge au kipande cha kung'ata. Lolote litakaloshinda, samaki hawamo na chumvi haimo.

Kuna kisa kimoja kinachonifurahisha zaidi ya vyote. Ukivuka mpaka kutoka Nice kuingia Liguria, upande wa Italia, utakuta ndugu wa chakula hiki anayeitwa piscialandrea. Wenyeji wengi wanaligawa jina hilo kuwa pizza all'Andrea, yaani piza ya Andrea, na Andrea huyo anasemwa kuwa ni Andrea Doria, amirali maarufu wa Genova aliyezaliwa Oneglia, pwani ile ile, mwaka 1466. Limganisheni jina hilo na pissaladiera, mtaona kinachotokea wasemaji wanapopokea neno ambalo sehemu zake za ndani hawazisikii tena. Wanalikata upya mahali wanapopata maana. Ndivyo Waswahili walivyofanya na kitabu: ki- ya kitāb katika Kiarabu ni sehemu ya mzizi, lakini sikio la Kibantu liliisikia kama kiambishi cha ngeli, na vitabu vikazaliwa. Kukata upya kwa namna hiyo ni ubunifu wa wasemaji, na mwanaisimu anapaswa kuupenda. Balaa ni pale yeye mwenyewe anapokuja na kuandika kwamba amirali ndiye aliyevumbua mkate.

Tuingie jikoni. Kwa watu sita unahitaji unga wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 300, chumvi gramu 10, mafuta vijiko vikubwa viwili, na levire kavu kijiko kidogo kimoja na nusu. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki huiita hamira, kutoka Kiarabu. Sisi tunasema levire, kutoka levure. Mpaka wa maneno hayo mawili ukiuchora kwenye ramani utakuwa umechora pia historia ya nani alileta mkate wapi, lakini hiyo ni makala nyingine. Changanya, kanda dakika kumi, funika kwa kitambaa na uache saa moja na nusu mpaka donge liumuke.

Vitunguu ni kilo moja na nusu, na usipunguze. Vikate vyembamba, vitie katika sufuria nzito na mafuta vijiko vinne na chumvi kidogo, funika, moto uwe mdogo kabisa. Vitakaa saa nzima, na ukivikoroga mara moja moja vinatosha. Hapa ndipo mfasiri anapokwama. Mapishi ya Kifaransa yanasema faire fondre les oignons, kama vile kitunguu ni barafu. Kuyeyusha hakufai, maana kinachoyeyuka kinakuwa maji, na kitunguu hakifiki huko. Kukaanga ni kibaya zaidi: ukimwambia mtu wa Bukavu akaange vitunguu atawasha moto mkubwa na kukuletea vitu vya rangi ya kahawia vinavyolia kati ya meno. Mimi nimechagua kulegeza. Kitunguu kinalegea, mpishi anakilegeza, na kazi yake kubwa ni kungoja.

Nilipofanya uchaguzi huo niliona jambo ambalo sarufi tulizosoma hazikuwahi kunionyesha waziwazi. Kifaransa cha jikoni kinategemea mno kitenzi faire: faire fondre, faire lever, faire cuire, faire dorer. Kiswahili hakihitaji kitenzi cha pili, kinabadilisha mkia wa kile cha kwanza: legea na legeza, iva na ivisha, kauka na kausha. Lakini unga umeuacha mstari huo. Donge linaumuka, levire inaliumua: hapa hakuna umbo la kutendesha lililojengwa juu ya lingine, ni jozi mbili sawa, -uka na -ua, kama funguka na fungua. Ukitaka kumfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mnyambuliko wa vitenzi, mpe mapishi ya mkate kabla ya kumpa jedwali.

Sasa samaki. Anchois wa kopo wanapatikana katika baadhi ya alimentation za mjini, kwa bei isiyo ya mwanafunzi. Nilikwenda soko la Kadutu nikanunua sambaza wakavu, gramu 150. Anayedhani huu ni ujanja wa umaskini atazame uainishaji wa samaki: sambaza, yaani Limnothrissa miodon, ni wa jamaa ya sardini, na sardini na anchois ni wa oda moja. Tena pissalat ya Nice ilitengenezwa kwa anchois na sardini wote wawili. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, kausha, kaanga hadi wawe wagumu. Nusu yao watwange katika kinu pamoja na chumvi, karafuu mbili, pilipili manga na mafuta hadi upate rojo zito. Hiyo ndiyo pissalat ya Kivu. Ile ya asili hukaa wiki nyingi katika chumvi, lakini samaki wabichi wa ziwani usijaribu kuwachachusha nyumbani kama hukufundishwa kazi hiyo.

Sukuma donge liwe nene kama kidole, lilaze katika sahani ya bati iliyopakwa mafuta. Paka rojo, tandaza vitunguu, panga sambaza waliobaki kwa mistari inayokatana. Zeituni ukizipata weka, usipozipata songa mbele. Mwenye furu ya umeme, na umeme wenyewe ukiwapo, aweke digrii 220 kwa dakika 25. Wengine tutumie mbabula: sufuria kubwa yenye mchanga chini, ipashwe moto kwanza, sahani ikae juu ya vijiwe vitatu ndani yake, mfuniko, na makala yenye moto juu ya mfuniko. Dakika 30 hadi 40. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo kitako kitaungua huku uso ukiwa mbichi.

Mama alipoonja alisema: "Papa, iyi pidza haina fromage, si njo mukate ya matunguru tu?" Sentensi hiyo ina mengi. Anasema pidza kwa sababu Wafaransa ndio waliotupa neno, na wao hutamka dz. Anasema mukate ya, siyo mkate wa, kama Kiswahili cha Bukavu kinavyofanya kwa vitu visivyo na uhai. Na maelezo yake ni sahihi kuliko ya wauza vyakula wengi, isipokuwa kwa kitu kimoja: ameita chakula kwa kinachoonekana. Waliokipa jina la kwanza walikiita kwa kilichofichwa chini ya vitunguu. Ukiondoa samaki, ladha inaweza kubaki nzuri, lakini jina linabaki bila mwenyewe.

Nilikuwa nimeahidi mtego, na uko ndani ya kikapu hicho hicho cha sokoni. Sambaza hawakuwa wenyeji wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi huwatoa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja. Katika Kiswahili sanifu tulichojifunza shuleni, kusambaza ni kueneza. Samaki walioletwa wakaenea ziwa zima wanaitwa sambaza! Hadithi ni tamu mno, nami nimeisikia ikisimuliwa kama jambo lililothibitishwa.

Ipitisheni katika mlango ule ule wa pissaladière. Kutokana na kusambaza tunapata msambazaji, usambazaji, kisambazio, na kila jina lina kiambishi cha ngeli na mwisho wake. Kitenzi kikavu kusimama kama jina la mnyama, bila kuongezewa chochote, si njia ya kawaida ya kuunda majina. Isitoshe, maana inapinda: samaki hawa walisambazwa, au walisambaa, wao hawakusambaza kitu. Halafu upande wa Rwanda wanaitwa isambaza, na ziwa limezungukwa na Kihavu na Mashi, lugha zilizokuwa hapo kabla Kiswahili hakijafika. Huko kusini samaki wa aina hii ni ndagala, na Zambia ni kapenta. Majina hayo hayakusafiri pamoja na samaki. Mtu anayeshikilia kitenzi sambaza ana sauti peke yake mkononi, kama yule wa piza, na hana d ya kumtetea.

Kazi hii naiacha wazi kwa yeyote mwenye jamaa kisiwani Idjwi. Mwulize mvuvi mzee, kwa Kihavu, samaki huyu anaitwaje akiwa mmoja na wakiwa wengi, na kama kuna samaki mwingine aliyekuwa na jina hilo kabla yake. Leta kiambishi na leta toni, siyo tahajia peke yake. Na ukirudi pitia sokoni, unibebee gramu 150 wakavu.