Dada, Nifuate Dhahabu au Nibaki na Matope?

Mdogo wangu wa mwaka wa tatu jiolojia, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka. Wenzako wanaota Geita na North Mara, wewe moyo umekwama kwenye miamba mashapo: mchanga uliogeuka jiwe, tope lililokauka zamani za kale, chokaa. Mhadhiri mmoja kakwambia hayo ni mambo ya watu wa mifupa. Mama naye anauliza mtoto wa kike atafanya nini porini na nyundo. Sasa unaniuliza mimi kama huko kuna ugali.

Upo. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imejificha kwenye vitundu vya mawe ya mchanga. Makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma ni mashapo. Urani ya Mto Mkuju nayo imo kwenye mawe ya mchanga. Hata mtu anayeamua kisima kichimbwe wapi pwani anasoma matabaka yaleyale unayoyapenda. Kwa hiyo kuna TPDC, shirika la mafuta na gesi, kuna Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma, kuna watu wa maji, kuna vyuo. Nisikudanganye lakini: ajira za gesi huja kwa mafungu, wawekezaji wakisita, matangazo ya kazi nayo hukauka. Wenzako wa dhahabu watanunua gari kabla yako. Kama hilo litakuuma kila ukiwaona kwenye harusi, wafuate tu, wala sitakulaumu.

Ila umesema unataka utafiti, na hapo nina la kukwambia. Utafiti wa mashapo unajengwa na daftari, na daftari halitaki uwe mtu wa ajabu.

Sikia kisa cha dada mmoja. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer, mwanafunzi wa Harvard, alikuwa Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Wengine walisaka visukuku, yeye alikuwa mtu wa kusoma matabaka. Akakuta zana za mawe zikichomoza kwenye tabaka la jivu la volkano. Tabaka hilo mpaka leo linaitwa KBS, kifupi cha Kay Behrensmeyer Site, yaani eneo la Kay Behrensmeyer. Muda si mrefu maabara ikalipa umri wa miaka milioni 2.6. Halafu mwaka 1972 Mkenya Bernard Ngeneo akaona vipande vya fuvu la binadamu wa kale, lile maarufu lenye namba 1470, chini ya tabaka hilo. Ikawa kasheshe! Fuvu lenye nafasi kubwa vile ya ubongo, na umri unaokaribia miaka milioni 3?

Waliokuja kuharibu sherehe ni nguruwe. Visukuku vya nguruwe vya Koobi Fora vilifanana na vya bonde la Omo, Ethiopia, vya matabaka yenye umri mdogo zaidi. Mabishano yalichukua karibu miaka kumi. Wataalamu wa kupima umri walipingana wenyewe kwa wenyewe, wengine wakalinganisha kemia ya majivu ya pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Ethiopia. Mwishowe tabaka likatua kwenye miaka kama milioni 1.9. Umri uliporomoka, lakini swali la tabaka liko wapi, juu yake kuna nini na chini yake kuna nini, liliendelea kujibiwa na watu waliotembea na daftari. Bila hao pasingekuwa na cha kubishania. Kay mwenyewe baadaye akaenda Amboseli kufuatilia mizoga inavyogeuka mifupa na mifupa inavyopasuka juani, mwaka baada ya mwaka. Kazi ya kunuka, na ndiyo iliyomfanya awe jina kubwa.

Basi, daftari linaandikwaje? Usianze na maneno makubwa. Ukifika kwenye ukuta wa korongo, safisha kwanza uso wake kwa nyundo, maana jua na mvua huupaka rangi ya uongo. Anzia chini, panda juu. Pima unene wa kila tabaka. Andika rangi likiwa kavu, kisha lilowanishe uandike tena. Tazama chembe kwa lenzi: kubwa, ndogo, za mviringo au zenye ncha? Kama hujui ni tope laini au lina vumbi la mchanga, chukua kipunje ulitafune kidogo kwa meno ya mbele. Tope laini litateleza. Likisaga, lina vumbi la mchanga. Usiteme karibu na mwenyeji wako, atadhani una wazimu. Dondosha tindikali iliyozimuliwa: likitoa povu, kuna chokaa. Angalia mistari ya mshazari ndani ya mchanga, ndiyo inayokuonyesha maji au upepo ulikuwa unaelekea wapi. Chora safu yako, tope liwe jembamba na mchanga mkubwa utokeze nje, mtu akitupa jicho aone mto ukipata nguvu na kuishiwa.

Halafu, na hili shika sana: ulichokiona kiandike upande mmoja, unachokidhania upande mwingine. Ukiandika "hapa palikuwa na ziwa" mahali pa "tope la kijivu, sentimita 40, lina nyufa za kukauka", umemnyang'anya mtu wa kesho nafasi ya kukukosoa. Na atakukosoa. Mwache akukosoe dhana zako, vipimo vyako visimpe pa kushika.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba mifupa ya dainosaria Tendaguru, kule Lindi. Mamia ya watu wetu walichimba, na wapagazi wakabeba mifupa kwa siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Ujerumani. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyeheshimiwa na wanasayansi wenyewe. Jina lake lilipewa dainosaria mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Hesabu mwenyewe miaka aliyoisubiri.

Kwa hiyo timu ya nje ikikuita uwasaidie uwandani, nenda, utajifunza mengi. Lakini kabla hujafunga begi, uliza: sampuli zitahifadhiwa wapi? Nakala ya data nitapata? Nikichora safu ya matabaka, nitakuwa mwandishi mwenza wa makala? Uliza kwa barua pepe, jibu libaki. Usione haya, mtu mwema hatanuna. Anayenuna amekurahisishia uamuzi.

Mama yako msikilize, anaongea kwa hofu na hofu yake ina msingi. Usiende porini peke yako. Barua ya chuo ipite mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji, na salamu kwa wazee zitangulie nyundo. Mwenyeji ajue unakwenda korongo gani na unarudi saa ngapi. Buti zianze kuvaliwa nyumbani wiki kadhaa kabla. Pedi beba za ziada, hata kama tarehe zako ni za kuaminika, na kiongozi wa safari mwambie wazi kwamba wanawake wanahitaji vituo vya kujisaidia. Mwanamume anayeona aibu kusikia hivyo asiongoze safari.

Mwisho umeuliza kama ni lazima uanzie Ulaya. Mimi nasema anza Kilwa. Udongo wa mfinyanzi wa kule umehifadhi maganda ya foraminifera, viumbe wadogo wa baharini, yakiwa bado yanang'aa mithili ya kioo, kwa sababu udongo haukuruhusu maji kuyageuza. Miaka ya 2000 watafiti kutoka nje wakishirikiana na wa hapa walichoronga visima kule, na maganda hayo yakasaidia kueleza joto la bahari za kale na mabadiliko ya miaka kama milioni 34 iliyopita, barafu kubwa ilipoanza kuifunika Antaktika. Kuosha udongo kwenye chekeche na kuokota maganda kwa ncha ya brashi chini ya hadubini, hilo utalifanya hapahapa. Mwombe msimamizi wako mradi wa mwaka wa nne uwe huo. Akisema hakuna fedha, mwulize kama stoo ya idara ina sampuli za zamani ambazo hakuna aliyezifungua. Mara nyingi zipo, zimeandikwa kwa kalamu ya kufutika. Anza kwa kuziandika upya.