Umefungua duka mtaani? Anza na wateja 30 wa karibu

Umoja, Kayole, Dandora: barabara moja unakuta maduka matano yanayouza unga uleule kwa bei ileile. Wewe mgeni utapata wateja vipi? Usikimbize mtaa mzima. Tafuta watu 30 wanaokaa karibu, kisha wafanye warudi kesho.

Hesabu iko hivi: wateja 30 wakinunua vitu vya shilingi 100 kila siku, hayo ni mauzo ya shilingi 3,000. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 78,000. Hiyo si faida bado, lakini inakusaidia kujua ununue stoki kiasi gani.

1. Fuata saa zao. Wengi hutoka alfajiri kwenda town au Industrial Area na kurudi jioni. Mkate na maziwa viwepo mapema, na usifunge kabla watu hawajashuka matatu. Mteja akikukosa mara mbili, anazoea duka lingine.

2. Uza kadogo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Weka mafuta ya kupima na sukari ya robo.

3. Jina la Till lifanane na la kibao. Mteja akilipa kwa Lipa na M-PESA Buy Goods, jina la biashara linatokea kwenye meseji yake. Akiona jina asilolijua, atadhani ametuma pesa kwingine. Mwambie pia kwamba akilipa kwa Till yeye hakatwi ada.

4. Subiri meseji yako. Usitoe bidhaa kwa sababu umeonyeshwa simu ya mteja. Meseji za uongo zipo. Malipo yaonekane kwako kwanza, hata kukiwa na foleni.

5. Omba ruhusa ya namba. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mteja: usichukue namba yake ukaanza kumtumia matangazo bila idhini. Muulize, "Mama, omena ikifika nikutumie meseji?" Akikataa, ni sawa tu.

6. Deni liwe na kikomo. Wakishakuzoea, wataomba. Watu 10 wakikopa shilingi 300 kila mmoja, mauzo ya siku nzima yamelala kwenye daftari na kesho huna pesa ya stoki. Tena mwenye deni kubwa huanza kupitia barabara nyingine, na hapo umepoteza pesa pamoja na mteja. Kataa kwa upole, au kopesha kidogo na muandike pamoja siku ya kulipa.

Zoezi la wiki hii: kila jioni, weka alama kwenye daftari kwa kila mteja aliyerudi. Alama zikipungua, usikimbilie kushusha bei. Waulize wanaokuja wanakosa nini kwa duka lako.