WIBARI NA NDOVU

(Somo kwa jumuiya na kwa wanafunzi wa Kipaimara. Someni kwanza Walawi 11:5, Zaburi 104:18 na Mithali 30:24-28.)

Wengi wetu tukifika kwenye neno "wibari" katika Biblia hupita upesi, tukidhani ni mnyama wa Uyahudi tu. Sivyo. Ndiye pimbi wa majabalini. Na ndugu yake wa mitini, perere, ndiye apigaye kelele usiku katika misitu ya Usambara, hata mgeni alalaye Amani mara ya kwanza aweza kudhani mtu ananyongwa. Waingereza katika tafsiri yao ya mwaka 1611 walimwita sungura, maana kwao hayupo. Sisi hatuna udhuru huo.

Sasa mweke pimbi karibu na ndovu. Mmoja ana kilo 3 au 4. Mwingine, akiwa dume mkubwa, hufika kilo 6,000. Mmoja hujibanza katika ufa wa jiwe. Mwingine, huko Saadani kusini ya Pangani, hushuka mpaka ufukweni wa bahari. Hata hivyo wataalamu wasema hao ni jamaa, na wa tatu wao ni nguva wa bahari yetu! Tazama nyayo: wote wawili wana nyayo laini na kucha bapa mfano wa kwato. Wayo wa pimbi hutoa jasho, na kwa hiyo hushika mwamba bila kuteleza. Kisha meno. Kiswahili chetu chasema "pembe" za ndovu, lakini ni meno ya mbele yaliyorefuka. Pimbi naye ana mawili ya juu yasiyokoma kukua. Tena mimba: ndovu huchukua miezi 22, na pimbi, mdogo vile, miezi saba hivi, hali sungura hazidi sana mwezi mmoja. Huko Fayum, Misri, imefukuliwa mifupa ya jamaa za pimbi walioishi zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, wengine wakubwa kuliko punda.

Juu ya kucheua: pimbi husogeza taya kama acheuaye, ingawa tumbo lake si la ng'ombe. Torati ilisemwa kwa watu watazamao kwa macho, si kwa wapasuaji. Sioni haja ya kugombana hapo.

Katika Mithali, wibari yumo kati ya wadogo wanne wenye akili. Ndovu hayumo. Tunamkuta vitani, katika 1 Wamakabayo 6, na meno yake katika kiti cha Sulemani (1 Wafalme 10:18). Hapa kwetu meno hayo yalishuka Pangani mabegani mwa wapagazi katika misafara ya karne ya 19. Mwaka 1989 serikali ilifanya Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kukataza biashara ya pembe. Lakini ujangili ulirudi: ndovu wa Tanzania walihesabiwa kama 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakabaki kama 43,000. Nguvu zote zile hazikumfaa kitu mbele ya bunduki, na hana jabali la kujificha.

Perere naye jabali lake ni mti mkubwa wenye pango. Mti ukikatwa kwa mbao au mkaa, nyumba imekwisha, na miche ya mwaka huu haina mapango.

Tusimsahau mkulima. Aliye jirani na Mkomazi, ambaye mahindi yake yameliwa usiku mmoja, hataki kuhubiriwa uzuri wa ndovu, naye ana haki ya kusikilizwa.

Maswali:
1. Katika mtaa wenu, perere bado husikika? Waulizeni wazee zamani ilikuwaje.
2. Mithali yasifu akili ya wibari katika kuchagua makao. Je, mtu akibomoa makao hayo, kosa ni juu ya nani: mkataji, mnunuzi wa mkaa, au wote?
3. Mkristo aliyeliwa shamba na ndovu, kanisa limsaidie namna gani?